Tairi Kipara Halina Undugu na Formula 1

Masika yakianza tu, swali linakuja, tena kwa sauti ya mtu aliyeshika ushahidi mkononi: "Fundi, kama kipara ni hatari, mbona magari ya Formula 1 yanakimbia kilomita 300 kwa saa na matairi yake hayana hata mstari mmoja?" Anayeuliza hivyo kwa kawaida hatafuti jibu. Anatafuta ruhusa ya kumaliza mwezi mwingine na matairi yale yale. Nimeulizwa na madereva wa daladala, nimeulizwa na wenye magari ya nyumbani, nimeulizwa hata na mwalimu wa fizikia, na wote wanauliza kwa tabasamu moja. Safari hii najibu kwa kalamu ili nikiulizwa tena niwaelekeze huku, nami niendelee na kazi.

Kwa kuwa shahidi mnayemleta ni Formula 1, tumwite huyo huyo. Twende Sochi, Urusi, Septemba 2021.

Jumamosi asubuhi mvua ilinyesha kiasi kwamba mazoezi ya tatu yalifutwa. Mchujo wa kupanga nafasi za kuanzia ulipoanza alasiri lami ilikuwa bado imelowa, na magari yakatoka yakiwa na matairi ya kati, yale yenye ukanda wa kijani ubavuni na mifereji iliyochongwa kote. Hapo msinipite haraka. Kila timu ilikuwa na sliki, yaani matairi yasiyo na mifereji mnayoyasifia, yamepangwa gereji tayari, na hakuna aliyeyagusa. Madereva wanaouza roho kwa sehemu ya kumi ya sekunde waliyaacha kwa sababu moja tu: chini kulikuwa na maji.

Dakika za mwisho mstari mkavu ukaanza kujitokeza, wakarudi piti, kituo cha kubadilishia matairi, kuvaa sliki. Lewis Hamilton, aliyekuwa anaongoza wakati huo, akagusa ukuta wa kuingilia piti na kuvunja bawa la mbele. Matengenezo yakamlia muda. Alipotoka na sliki hakubaki na mizunguko ya kutosha ya kuzipasha moto, gari likamzunguka, akaishia wa nne. Lando Norris wa McLaren, Carlos Sainz wa Ferrari na George Russell wa Williams walipata nafasi ya kuzipasha, na muda wao ukawa unashuka kila wakikatiza mstari. Norris, kijana wa miaka 21, akatwaa nafasi ya kwanza ya kuanzia kwa mara ya kwanza tangu aingie Formula 1.

Sliki za aina moja, lami moja, dakika zile zile. Kwa aliyezipasha zilishika, kwa ambaye hakuzipasha zilimtupa. Kama kukosa mifereji ndiko kunakoleta mshiko, Hamilton, bingwa wa dunia mara saba, angezungukaje?

Kinacholeta mshiko ni mpira wenyewe. Mpira wa sliki ni laini kuliko wowote utakaofungiwa dukani, na umetengenezwa ufanye kazi ukiwa na joto la karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Ndiyo maana kabla ya gari kutoka, matairi huvishwa mablanketi ya umeme. Ukishapata moto, mpira huo hujibonyeza ndani ya vinyweleo vya lami na kunata. Ukipoa unakuwa mgumu na unateleza. Tena umri wake ni mfupi ajabu: mbio nzima ya Sochi ilikuwa mizunguko 53, kilomita zisizofika 310, na hata kabla ya mvua kuingia karibu kila dereva alikuwa ameshavua seti moja na kuvaa nyingine. Soma sentensi hiyo tena, ndugu yangu mwenye kipara. Hao mnaowatolea mfano wanatupa tairi lililolika.

Tairi lako ni kiumbe kingine. Limetengenezwa litembee makumi ya maelfu ya kilomita, kwa hiyo mpira wake ni mgumu tangu siku ya kwanza, na kila mwaka wa jua na joto huuongezea ugumu. Mifereji ikiisha, kilichobaki chini ni utando mwembamba uliowekwa kufunika nyuzi na waya, haukukusudiwa kugusa barabara. Huo hauna joto la nyuzi 100 wala ulaini wa kunata. Una msumari mmoja tu kati yake na mshindo.

Sasa, nisije nikaitwa mwongo, kuna chembe ya ukweli ambayo wabishi huipenda. Kwenye lami kavu kabisa, mifereji inapunguza mshiko. Inapunguza eneo la mpira linalogusa barabara, na vipande vya mpira vilivyo katikati ya mifereji hucheza gari linapofunga breki. Mwaka 1998 wakuu wa Formula 1 walilazimisha matairi ya mifereji hata kwa mbio za lami kavu, kwa lengo hasa la kupunguza kasi kwenye kona, na sliki hazikurudi hadi 2009. Hata gari la kawaida lenye tairi lililolika kiasi linaweza kusimama mapema kidogo kuliko lenye tairi jipya, ikiwa lami ni kavu. Haya, nimekubali. Je, barabara unayopita wewe ni kavu kwa mkataba? Dereva wa mbio ana piti kila baada ya dakika moja na nusu, ana mafundi wanaobadilisha matairi manne kwa sekunde mbili au tatu, ana watu wanaosoma rada ya mvua kwa niaba yake. Wewe mvua ikikukuta Chalinze unatoka na ulichonacho.

Hata huyo mwenye vyote hivyo, tazameni Jumapili ya Sochi ilimfanya nini.

Sainz alichukua uongozi mwanzoni, Norris akaurudisha mzunguko wa 13. Kutoka hapo kijana aliendesha kwa utulivu. Max Verstappen, aliyeanzia wa mwisho kwa adhabu ya kubadilisha injini, alikuwa anapanda taratibu huko nyuma. Mizunguko ya mwisho Hamilton akamkaribia Norris, lakini kumkaribia na kumpita ni mambo mawili. Kisha, zikiwa zimebaki kama sita, mvua ikaanza kudondoka upande mmoja wa uwanja huku upande mwingine ukiwa bado mkavu.

Verstappen akaingia piti kuchukua matairi ya kijani. Hamilton aliitwa na timu yake, akapitiliza. Mzunguko uliofuata, wa 49, akatii. Norris aliulizwa kwa redio akakataa. Alikuwa anaongoza, uwanja nusu yake mkavu, ushindi wa kwanza wa maisha unaonekana, na gari lilikuwa bado linamsikiliza. Simlaumu, uamuzi ule ni mgumu kuliko unavyoonekana ukiwa umekaa kwenye kochi. Lakini maji hayajui nani anaongoza. Mvua ikazidi. Maji yakaanza kunyonya joto la sliki zake, mpira ukapoa, ikabidi apunguze mwendo, na alipopunguza mwendo upepo ukaacha kulikandamiza gari chini, matairi yakakosa uzito wa kuyapa joto, yakapoa zaidi. Mduara huo ukishaanza hautoki kwa ufundi wa usukani. Mzunguko wa 51 gari likaserereka nje ya lami na Hamilton akapita. Norris akajikokota hadi piti, akamaliza wa saba. Hamilton akashinda mbio yake ya 100, dereva wa kwanza katika historia kufika huko, Verstappen akiwa wa pili zaidi ya sekunde 50 nyuma, na Sainz wa tatu.

Dereva aliyekuwa na kasi kuliko wote siku mbili mfululizo alishindwa kulibakisha gari barabarani, akiwa na matairi yasiyo na mifereji, kwenye mvua ambayo ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Nawe unataka kwenda nayo Morogoro na abiria.

Sababu si uchawi. Gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Sehemu ya tairi inayogusa barabara ni kama kiganja, na maji yaliyo mbele yake yana chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde kuondoka. Yakikosa njia, yanajipenyeza chini ya mpira na kuunyanyua, gari linaelea, na hapo breki na usukani ni mapambo. Mifereji ndiyo njia yenyewe. Kwa hesabu za Pirelli, watengenezaji wa matairi ya Formula 1, tairi la kijani la enzi ile lilitoa lita 30 za maji kwa sekunde kwenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa, na lile la buluu la mvua kubwa lita 85. Kipara kinatoa pembeni kidogo tu. Ni ndala iliyolika ikikanyaga sakafu ya bafu yenye sabuni.

Kuna dawa ya kienyeji lazima niizungumzie, kwa sababu inaua na inauzwa. Fundi wa pancha anachukua kisu cha moto na kulichonga kipara mifereji mipya, halafu linang'aa, linapakwa rangi nyeusi, linauzwa. Jamani! Mifereji hiyo imechongwa ndani ya ule utando mwembamba niliousema. Umelipa pesa ili ukaribishwe zaidi kwenye waya. Yapo matairi ya malori yaliyotengenezwa na mpira mnene wa ziada ili yachongwe, na huandikwa ubavuni kwamba yanaruhusu. La gari dogo lako haliruhusu. Aliyekuambia amechonga mengi na hakuna aliyerudi kulalamika, muulize kwa nini hawakurudi. Ndugu wa dawa hiyo ni ushauri wa kupunguza upepo wakati wa mvua "ili tairi lishike." Ni kinyume kabisa: tairi lenye upepo pungufu huelea kwenye mwendo mdogo zaidi.

Yanayofaa, haraka haraka, maana nafasi imekwisha. Tazama ndani ya mifereji, utaona vituta vidogo vya mpira. Vimewekwa kwenye kina cha milimita 1.6, na mpira ukilingana navyo tairi limekufa. Usisubiri hapo, kwa masika badilisha likibaki na milimita tatu. Pesa zikitosha mawili tu, mapya yafungwe nyuma hata kama gari linavuta kwa mbele, kwa sababu mkia ukiachia huukamati. Ukinunua ya mtumba soma tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi la zamani lenye mifereji mizuri linaweza kuwa gumu kama ubao. Upepo pima asubuhi likiwa baridi, fuata kibandiko cha mlangoni, si kidole cha utingo. Mvua ikishika, punguza mwendo kabla ya dimbwi, si ndani yake. Usukani ukiwa mwepesi ghafla, unaelea: ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani umenyooka, mguu wa breki uutulize, subiri matairi yaguse tena.