Yuko Muscat, mwanawe yuko Mlalo

Chukua mfano wa mwanamke wa Mlalo, milimani Usambara, anayefanya kazi za ndani Muscat, Oman, kwa mkataba wa miaka miwili, mtoto kamwachia bibi. Je, sheria ya kimataifa inampa haki ya kumchukua mwanawe akaishi naye? Inampa nusu, na nusu yenyewe haitoki kule wengi wanakodhani.

Mkataba unaotajwa sana ni ule wa Umoja wa Mataifa wa 1990 kuhusu wafanyakazi wahamiaji na familia zao, ulioanza kutumika 2003. Kifungu cha 44 kinataka mfanyakazi mwenye vibali halali awezeshwe kuungana na mwenzi na watoto wake wadogo, ila kwa hatua ambazo nchi mwenyeji inaona zinafaa. Na hata hilo halimfikii huyu wa Mlalo: Uganda imeridhia, Tanzania na Oman bado.

Lugha hiyo ya kukwepa si ngeni chini ya milima ya Usambara. Manamba, vibarua wa enzi ya ukoloni walioletwa kukata mkonge uwanda wa Korogwe, walitoka mbali sana. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa 1936 kuhusu uandikishaji wa vibarua ulitaka mamlaka zihimize waende na familia, pale inapowezekana na inapofaa. Manamba hakuulizwa kama inafaa.

Mama wa Mlalo angevuka mpaka wa Horohoro kwenda Mombasa, angekuwa na pa kushika. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa mfanyakazi haki ya kufuatana na mwenzi na mtoto, ilimradi kazi yake imo katika zile ambazo nchi husika imezifungulia wageni. Oman yenyewe huangalia mshahara. Mwaka 2017 kima cha kuleta familia kilishushwa kutoka riali 600 hadi 300. Kwa mfanyakazi wa ndani hesabu hiyo ni maneno tu. Analala kwa mwajiri, na mwajiri huyohuyo ndiye kafili wake, yaani mdhamini. Mtoto angemweka wapi?

Kwa hiyo mimi ningeanzia kwa mtoto. Mkataba wa Haki za Mtoto umeridhiwa na Tanzania na Oman pia. Kifungu cha 10 kinataka maombi ya kuunganisha familia yashughulikiwe kwa utu na bila kucheleweshwa. Hakisemi lazima yakubaliwe. Kinasema, hata hivyo, kwamba mtoto ambaye wazazi wake wako nchi tofauti ana haki ya kuwasiliana nao mara kwa mara, na hapo ndipo penye uzito. Ripoti ya Human Rights Watch ya 2017 kuhusu Watanzania wa kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu ilieleza waajiri wanaowanyang'anya pasipoti, hata simu. Anayemnyang'anya mama simu anamnyima na mtoto aliye Mlalo haki yake.

Basi kabla ya kutia saini, mwambie wakala aandike mambo matatu ndani ya mkataba: simu ibaki mkononi mwako, pasipoti pia, na likizo yenye tiketi ya kurudi nyumbani itajwe kwa tarehe.