Je, kichaa kinapita katika damu? Kile watafiti wanatafuta ndani ya mate

Hapa kwetu Maniema, mutu akianza kusikia sauti zenye wengine hawasikii, jamaa huwa na majibu mawili tayari. La kwanza: amerogwa. La pili linasemwa chini-chini wakati wa posa: ile jamaa iko na kichaa katika damu, tusipeleke mutoto wetu kule. La kwanza linaweza kupeleka mugonjwa kwenye nyumba ya maombi miezi mizima. La pili linafungia ndugu na dada zake mulango wa ndoa.

Swali la damu ni swali la kweli, na kuna watafiti wenye kulifanyia kazi si mbali na sisi. Kuanzia 2018, utafiti wenye kuitwa NeuroGAP-Psychosis uliandikisha watu katika inchi ine: Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini. Kati ya wenye waliufanya kuko Inivasite ya Makerere, Kampala, na ya Moi, Eldoret, pamoja na Broad Institute ya Marekani. Waliandikisha watu zaidi ya 40,000: wagonjwa wa skizofrenia ao bipola kwa upande mumoja, wazima kwa upande mwingine.

Hakuna kichwa chenye kilipasuliwa. Watu walitoa mate katika kachupa, basi. Ndani ya mate kuko seli, na ndani ya seli kuko ADN. Uiwaze kama kitabu: nakala moja ya herufi karibu bilioni 3 kutoka kwa baba, ingine kutoka kwa mama. Macho ya mutu hayawezi kulinganisha vitabu maelfu. Ordinatere njo inafanya hivyo: inatafuta fasi zenye wagonjwa wanatofautiana na wazima kupita vile bahati tu ingeleta. Kazi hiyo inaitwa bioinformatiki.

Na wamepata nini? Katika 2022, gazeti la sayansi Nature lilitoa utafiti wenye ulikuwa na wagonjwa wa skizofrenia 76,755. Ulionyesha fasi 287 za ADN zenye kuhusiana na ugonjwa huo. Lakini kila fasi inaongeza hatari kidogo sana, kama tone moja katika ndoo. Kwa hiyo hakuna jeni moja ya kichaa. Mutoto mwenye muzazi wake mumoja ana skizofrenia, hatari yake ni kama 10 kwa 100; maana yake kati ya watoto 100 kama huyo, karibu 90 hawataipata. Mambo ingine yanatoka katika maisha: matatizo wakati wa kuzaliwa, mateso ya utotoni, bangi nyingi.

Kuna shida moja yenye inatuhusu. Wengi katika hesabu ile ya 2022 ni watu wa asili ya Ulaya. ADN ya Waafrika iko na tofauti nyingi zaidi, na hesabu zenye zilifanywa kwa Wazungu hazitufai sana. Njo maana mate ya Kampala na Eldoret yana maana. Congo haiko kati ya zile inchi ine. Siku watafiti watafika kwetu, tuko na haki ya kuuliza mate yetu yataenda wapi, na ya kukataa. Katika NeuroGAP, watu waliulizwa kwanza maswali ili kuhakikisha kama wameelewa.

Kwa leo, hakuna kipimo cha mate chenye kuonyesha nani atakuwa na kichaa, si Kindu, si Ulaya. Lakini dawa za kutuliza ugonjwa ziko, na zinasaidia zaidi mugonjwa akifikishwa mapema. Kwa hiyo mumupeleke kwenye kituo cha afya, hata kama munaendelea kumuombea. Na wakati wa posa, mumuangalie kijana mwenyewe, si ugonjwa wa mujomba wake.