Ukidanganya Daktari, Damu Itakuchoma: Stori ya Bondo, Kisumu na Tembe

Malaria ikikubamba hapa lakeside unapewa Coartem: tembe 24, unameza nne mara sita kwa siku tatu, na unaambiwa ukule kitu yenye mafuta. Siku ya pili homa imeshuka, uko Dunga na mabeste mnapiga samaki, tembe zingine zimebaki kwa droo. Kwani nani aliamua lazima iwe mara sita? Na mafuta inaingiaje hapo?

Kuna watu hiyo ndio kazi yao. Inaitwa famakolojia ya kliniki: dawa inaufanyia mwili nini, na mwili unaifanyia dawa nini. Coartem ni dawa mbili kwa tembe moja. Artemetha inachapa wadudu haraka, halafu inatoka mwilini kwa masaa tu. Lumefantrini inabaki siku kadhaa ikimaliza wale wamejificha, lakini bila mafuta haiingii vizuri kwa damu. Kwa hivyo homa ikishuka, kazi bado iko nusu.

Hii masomo yenyewe inadai malaria shukrani. 1942 Wajapani waliteka Java, kwenye kwinini nyingi ya dunia ilikuwa inatoka. Wanajeshi wa Marekani wakabaki na Atabrine, dawa chungu, inaharibu tumbo na kugeuza ngozi manjano. Wengi wakaikataa. Huko New York, hospitali ya Goldwater, James Shannon na Bernard Brodie wakaacha kubahatisha, wakapima dawa iliyo ndani ya damu. Wakapata inachelewa kujaa kwa sababu inajificha kwa nyama za mwili. Suluhu: anza na dozi kubwa, endelea na ndogo. Dawa ilikuwa ile ile, hesabu ndio ilibadilika.

Hiyo mbinu ya kuuliza damu ndio iliokoa PrEP. Utafiti wa FEM-PrEP ulifanywa Bondo, Arusha, Pretoria na Bloemfontein, wanawake 2,120, tembe kila siku ya kuzuia HIV. 2011 ukasimamishwa, ilionekana tembe haisaidii. Na si asilimia 95 ya hao wanawake walisema wanameza kawaida? Damu ikapimwa: wenye dawa hawakufika asilimia 40. Watafiti wangeamini mdomo pekee, PrEP ingezikwa hapo kwa wanawake wote.

Na usikimbilie kuwaita waongo. Jiweke kwa hiyo nyumba: mtu akiona chupa ya ARV anasema uko na virusi, na tembe yenyewe inakuletea kichefuchefu. Wengine waliona hawako hatarini. Mimi naona hizo ni sababu za maana.

Kisumu ikarudia stori, 2020 hadi 2022. Wanawake 449 wanaotumia PrEP. Nusu wakapewa doksisaiklini ya kumeza baada ya seksi, kuzuia magonjwa ya zinaa. Haikuonyesha tofauti. Safari hii waliuliza nywele, juu nywele hukaa na alama ya dawa kwa muda mrefu. Sampuli 200, dawa ikapatikana kwa 58.

Ndio maana saa hii watu wanachangamkia sindano. Lenakapavira unadungwa mara mbili kwa mwaka. Matokeo ya 2024 kutoka Uganda na Afrika Kusini: wanawake 2,134 waliodungwa, hakuna hata mmoja aliyepata HIV. Na hakuna chupa ya kuficha chini ya godoro.