Tuhesabu Bongo Kabla Hawajaisha



Mtu wa Subukia akifungia kondoo jioni huwahesabu mlangoni. Akikosa mmoja, anajua usiku huo huo. Lakini mnyama wa msituni, nani anamhesabu? Leo tunazungumzia bongo wa milimani, yule swara mkubwa mwekundu mwenye mistari myeupe ubavuni. Duniani kote, bongo wa aina hii wanaoishi mwituni wamebaki Kenya peke yake: Aberdare, Mlima Kenya, Mau na Eburu. Wanakadiriwa hawafiki 100.

Mwaka wa 2019 KWS ilitoa mpango wa taifa wa kuwaokoa. Mpango wa namna hii huwa na hatua zake:

1. Kujua walipo. Bongo hujificha kwenye mianzi na vichaka, na kumwona kwa macho ni bahati. Kwa hiyo wapelelezi hufuata nyayo, mavi na majani yaliyotafunwa. Wenyeji ndio wanaofaa kazi hii, maana wanazijua njia.

2. Kuwahesabu. Kamera hufungwa mtini, na mnyama akipita inapiga picha yenyewe. Mistari ya kila bongo ni tofauti, basi hakuna kumhesabu mmoja mara mbili.

3. Kujua kinachowamaliza. Ni mitego ya waya, mbwa wa kuwinda, ukataji wa miti, na mifugo inayoingiza magonjwa msituni. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo hata waya mmoja ni hasara kubwa.

4. Kuwaongeza. Mwaka wa 2004 bongo 18 waliozaliwa Marekani waliletwa Mlima Kenya. Mwaka wa 2022 wa kwanza walifunguliwa katika hifadhi ya Mawingu. Hawaachiliwi vivi hivi. Lazima kwanza wazoee kujitafutia chakula.

Sasa sisi tunaingia wapi? Kikundi kiwe na daftari la msitu ulio karibu: tarehe, mahali, na alama ya mnyama iliyoonekana. Mkiona mtego, mwambieni askari wa misitu upesi. Pandeni miti ya kuni shambani, na ng'ombe akatiwe majani nyumbani. Jiungeni na chama cha jamii cha kutunza msitu. Sheria inaruhusu tangu 2005.

Hata pasipo na bongo, msitu ni ule ule unaotunza chemchemi zetu. Nuhu hakungoja mvua ianze ndipo atafute mbao. Na sisi tuanze sasa.