Dhiki Isiyovunja Vina

Rafiki yangu mmoja, mtu wa msikitini, aliniuliza juzi: "Ustadhi, mashairi ya huzuni yana faida gani? Muumini halalamiki." Sikubishana naye. Nilimpa diwani ya Sauti ya Dhiki.

Mtungaji wake, Abdilatif Abdalla wa Mombasa, alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa sababu ya waraka wake "Kenya: Twendapi?" Aliwekwa peke yake, akatunga kwa siri, akiandika juu ya karatasi za chooni. Diwani ilitoka 1973. Mwaka uliofuata ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ilimtia ndani!

Kiza kimo humo, sikatai. Lakini vina vimesimama na mizani imetimia, na aliyekata tamaa hahesabu mizani. Tena sisi tuliosoma Sura ya Yusuf chuoni twajua: Nabii Yaakub alilia hata macho yakawa meupe, naye ndiye aliyesema subira ni njema. Kulia si kukufuru.

Wiki ya pili sasa, rafiki yangu hajakirudisha kitabu. Nami simdai.