Homa Isiyo ya Malaria

Mwanamke wa Ngokolo, mjini Shinyanga, akishikwa na homa, neno la kwanza hutajwa malaria. Hilo si kosa. Kosa huja pale kipimo kinapoonyesha kuwa malaria hana, naye akapewa dawa yake vile vile; mwezi wa pili akapewa ya homa ya matumbo, wa tatu ya njia ya mkojo, huku vidole vyake vikikakamaa kila alfajiri hata asiweze kushika mwiko. Nywele zinang'oka, vidonda vinatoka kinywani, uchovu haumwachi. Hapo majirani huanza kunong'ona kwamba karogwa. Katika mkoa ambamo vikongwe wamepata kuuawa kwa ajili ya macho mekundu, wekundu ulioletwa na moshi wa mekoni, sisi hatuwezi kuyaita manong'ono hayo mzaha.

Huenda mwanamke huyo ana lupasi, jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya mbwa mwitu. Ugonjwa huu hauambukizi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, huugeukia mwili wenyewe na kushambulia ngozi, viungo, mapafu, moyo, damu na, linalotisha zaidi, figo. Katika wagonjwa kumi, yapata tisa ni wanawake, na wengi wao wamo katika umri wa kuzaa. Vitabu husema alama yake ni wekundu wenye umbo la kipepeo mashavuni na puani. Lakini vitabu hivyo vilitazama ngozi nyeupe. Katika ngozi yetu kipepeo huyo aghalabu huwa mweusi zaidi au wa zambarau, na tabibu anayengojea wekundu hatamwona.

Chanzo chake chote hakijajulikana. Damu ya ukoo imo, jua huuchochea, na uchunguzi wa nchi mbalimbali umeuhusisha pia na vumbi la mawe yenye silika. Jambo hili la mwisho lawahusu sana wanaoponda mawe ya dhahabu huko Nyarugusu, Rwamagasa na Mwakitolyo. Kulilowesha jiwe kabla ya kulisaga hupunguza vumbi. Khanga iliyofungwa puani haitoshi.

Hakuna kipimo kimoja kinachomaliza shauri. Kiko cha damu, kitafutacho kingamwili zinazoshambulia viini vya seli: kisipoziona, lupasi ni nadra sana kuwapo, kikiziona, bado si ushahidi kamili, kwa maana hata wazima wengine wanazo. Lakini kuna ukanda wa kuchovya katika mkojo, wenye bei ndogo na majibu ya dakika chache, unaoonyesha protini na damu zinazovuja kutoka figoni kabla miguu haijavimba. Twadai kwamba mwanamke aliyerudi mara tatu kwa homa isiyo ya malaria, naye ana maumivu ya viungo, apimwe mkojo siku hiyo hiyo, na ukionyesha hitilafu apelekwe hospitali ya rufaa, kama Bugando, Mwanza.

Dawa ya msingi ni haidroksiklorokwini, ndugu wa ile klorokwini chungu iliyotuwasha mwili mzima, ambayo Tanzania Bara iliiacha kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Hufanya kazi polepole, kwa wiki na miezi, na atumiaye kwa miaka mingi sharti apimwe macho. Prednisoloni huokoa upesi, lakini kipimo kikubwa cha muda mrefu hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari. Wala mtu asiikatishe ghafla kwa kuwa amepata nafuu. Figo zikiguswa, daktari huongeza dawa kali zaidi za kuituliza kinga.

Kwa waume tuna neno moja. Mke mwenye lupasi anaweza kuzaa salama, ila ashike mimba baada ya ugonjwa kutulia kwa miezi sita, kwa ushauri wa daktari. Na haidroksiklorokwini aendelee kuimeza hata akiwa mjamzito.