Nani Aandike Cheti cha Mofini?

Mgonjwa wa saratani iliyofika ukingoni hapati usingizi, wala watu wa nyumba yake hawapati. Huugua usiku kucha, na walio kando yake hawana la kufanya ila kumshika mkono na kumwombea. Nayo dawa ya kupoza maumivu hayo ipo, yajulikana tangu zamani, wala si ya bei kubwa: ni mofini, itokayo katika afyuni. Kwa nini basi haimfikii? Mara nyingi jawabu haliko dukani wala mfukoni mwa mtu, bali liko katika sheria. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi jirani zetu wa Uganda walivyoibadili sheria hiyo mwaka 2004, na mambo ambayo mabadiliko hayo yanawapasa watu wa nyumbani.

Mwaka 1961 mataifa yalifanya mapatano huko New York juu ya madawa ya kulevya. Watu huyakumbuka mapatano yale kwa upande wa makatazo tu. Lakini utangulizi wake wakiri kwamba dawa hizi hazina budi kuendelea kutumika katika matibabu ili kuondoa maumivu, na kwamba yapasa zipatikane kwa kazi hiyo. Kila serikali hukadiria kiasi itakachohitaji kwa mwaka, ikapeleka khabari kwa bodi ya kimataifa iliyoko Vienna. Yaani lilipowekwa kufuli, ufunguo nao uliwekwa. Nchi nyingi zilishika kufuli zikausahau ufunguo.

Mwaka 1993 daktari kutoka Uingereza, Anne Merriman, alianzisha mjini Kampala shirika la Hospice Africa Uganda, la kuwatunza wagonjwa ambao maradhi yao hayatarajiwi kupona. Alikuwa amekwisha kutumia huko Singapore mofini ya maji, ya kunywa. Hutengenezwa kwa unga wa mofini, maji, na dawa ya kuzuia isiharibike. Haitaki sindano wala mashine. Kwa hiyo mgonjwa aliweza kutunzwa kwake, juu ya kitanda chake, katikati ya wanawe.

Lakini mambo yakakwama kwenye cheti. Sheria ya kwanza haikuwapa wauguzi rukhsa ya kuandika cheti cha mofini, na madaktari katika wilaya za shamba walikuwa wachache mno. Mwenye kumjua mgonjwa, mwenye kumwendea mlangoni kwake, ni muuguzi. Naye muuguzi akifika alikuwa na maneno ya kufariji tu. Ndipo mwaka 2004 ikatoka kanuni mpya: wauguzi waliosajiliwa, pamoja na matabibu wasio madaktari kamili, wakiwa wamesomea khasa kazi hii na kupata shahada yake, wakaruhusiwa kuandika cheti hicho. Haikusemwa kila muuguzi, wala daftari la kuhesabia kila chupa halikufutwa, wala kabati halikuachwa wazi. Kilichobadilika ni mkono ushikao kalamu. Baadaye serikali na shirika hilo wakapatana mofini ya maji itengenezwe humo humo Uganda kwa ajili ya nchi nzima, na mgonjwa asilipe kitu.

Huenda msomaji wetu kijana akauliza: Je, hamkusikia yaliyotokea Marekani? Tumesikia. Huko vidonge vya maumivu vilifurika, na maelfu ya watu wakafa kwa kuzidisha. Tarehe 6 Oktoba 2014 dawa zenye haidrokodoni zilihamishwa kutoka daraja la tatu hadi la pili, ambalo ni kali zaidi. Kabla ya siku hiyo cheti kimoja kiliweza kurudiwa hata mara 5 katika miezi 6. Tangu hapo kila mara chatakiwa cheti kipya. Hatusemi walikosea kukaza. Lakini mafuriko ya mtu mwingine si hoja ya kumnyima maji mwenye kiu, na mgonjwa wa kijijini Uganda alikuwa hapati hata tone.

Ama wale wasemao kwamba mofini ni kilevi, na kwamba Mwislamu asikutane na Mola wake hali ana kilevi tumboni, hofu yao yatoka katika moyo wa dini, wala hatuwacheki. Lakini wanavyuoni wa fikihi wanaujua mlango wa dharura, na wengi wa zama zetu wameiruhusu dawa hii kwa mwenye maumivu makali, kwa kiasi alichoandikiwa, dawa nyepesi zinaposhindwa. Tena mofini iliyopimwa sawasawa haikusudiwi kulevya. Siku za kwanza yaweza kuleta usingizi, na mara nyingi huo ni usingizi uliokosekana kwa wiki nyingi. Kisha wagonjwa wengi huamka, hula, huzungumza na jamaa zao, na awezaye husali. Mwenye shaka na amwulize shekhe wake na daktari wake wote wawili, asimwulize mmoja akamwacha mwingine.

Sasa tuingie nyumbani. Mofini ya Uganda hutiwa rangi. Ya kijani ina miligramu 5 katika mililita 5. Ya waridi ina miligramu 50 katika kiasi hicho hicho. Rangi huzuia isidhaniwe maji, na ya nguvu isichanganywe na hafifu, maana kijiko kimoja cha waridi ni sawa na vijiko 10 vya kijani. Lakini rangi hiyo hiyo machoni pa mtoto ni sharubati. Chupa na ikae penye kufuli. Kijana aliyekabidhiwa kupima asikadirie kwa macho, bali apime kwa chombo alichopewa na aandike saa. Kwa kawaida dawa hunywewa kila baada ya saa 4, haingojwi maumivu yarudi. Hufunga choo, kwa hiyo muuguzi aulizwe dawa ya kulainisha. Jirani mwenye jino asipewe, hata akiomba kwa machozi. Na mgonjwa akifariki, iliyobaki irudishwe kwa aliyeitoa, iandikwe katika daftari lake. Siku ya msiba watu huingia na kutoka, na chupa hakuna aikumbukaye. Ni bora ateuliwe mapema mtu mmoja wa kuishughulikia.